Upepo wa Kutoka Nchi Kavu: Uchambuzi wa Kisa cha Matembezi ya Majabalini katika Kisiwa cha Hoy

Utangulizi

Kisa hiki kiliwapata watu tisa, wote wazungumzaji wa Kiswahili waishio katika mji mmoja wa Uskoti, walipokwenda kutembea juu ya majabali ya kisiwa cha Hoy, katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa nchi hiyo. Nilikuwamo katika msafara huo nikiwa msindikizaji wa nyuma, yaani yule anayehakikisha kwamba hakuna anayeachwa njiani, kwa hiyo ninayoyaandika ama niliyaona mwenyewe au niliyasikia siku ileile kutoka kwa walioyaona. Majina, mwaka na mji tunakoishi vimeondolewa, na wenzangu wote wanane wameusoma mswada huu na kuridhia utolewe. Jina la kisiwa sikuliondoa, kwa sababu makosa yetu yalifungamana na umbo la mahali penyewe, na msomaji asiyejua bahari iko upande gani na kilima kiko upande gani hataelewa ni kwa nini tulikosea.

Naandika hasa kwa ajili ya wale wanaoongoza matembezi ya jamaa na marafiki ughaibuni, watu wasio na cheti cha uongozaji wala malipo, ambao wenzao huwafuata kwa kuwaamini tu. Imani hiyo ni mzigo mzito, nami nimeona jinsi inavyoweza kumfunga kinywa mtu mwenye akili timamu.

Mahali penyewe

Hoy ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika Orkney, na jina lake linatokana na lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, likiwa na maana ya kisiwa kilichoinuka. Kilima chake cha Ward Hill, chenye mita 479, ndicho kirefu kuliko vyote katika visiwa hivyo. Upande wa magharibi ardhi hukatika ghafla na kuangukia baharini kwa majabali ya mawe ya mchanga mekundu ambayo, pale St John's Head, yanazidi mita 330 kwenda juu. Kusini kidogo ya hapo imesimama nguzo ya mwamba iitwayo Old Man of Hoy, yenye mita 137, ikiwa imetengwa na kisiwa kwa pengo lililojaa mawe yaliyoporomoka. Msingi wake ni lava ngumu ya kale, na juu ya msingi huo yamelaliana matabaka ya mawe ya mchanga. Mchoraji William Daniell aliichora mwanzoni mwa karne ya 19 ikiwa bado na tao chini yake. Tao hilo limekwisha kuliwa na bahari. Chris Bonington, Rusty Baillie na Tom Patey walikifikia kilele chake mwaka 1966, na mwaka uliofuata televisheni ya BBC ikaonyesha upandaji wake moja kwa moja. Tangu wakati huo watu wengi hufunga safari kwenda kuitazama.

Mtembeaji wa kawaida haipandi. Huitazama kutoka juu ya jabali la mkabala, akifika huko kwa njia ya miguu inayoanzia ghuba ya Rackwick, umbali wa takriban kilomita 4.5 kwenda na kiasi kilekile kurudi. Njia hupanda ubavu wa kilima cha Moor Fea, chenye mita 308, kisha hukata uwanda wazi wa mboji na vichaka vinavyofika kwenye vifundo vya miguu, hadi ukingoni. Anayekwenda ana kilima mkono wa kulia na bahari mkono wa kushoto. Hakuna mti, ukuta wala uzio. Pale ukingoni nyasi hukua hadi kwenye pengo, na mahali pengine udongo ulioshikwa na mizizi umejitokeza nje ya mwamba na kuning'inia pasipo kitu chini yake, wala anayesimama juu hana njia ya kulijua hilo.

Jambo jingine la kuzingatia ni boti. Abiria wa miguu huvuka kutoka mji wa Stromness, ulio katika kisiwa kikuu cha Orkney, hadi gati la Moaness kisiwani Hoy kwa boti ndogo, safari ya karibu nusu saa, kisha huchukua gari au hutembea hadi Rackwick. Siku nzima ya mgeni kwa hiyo hufungwa kati ya boti ya asubuhi na boti ya jioni.

Msafara na maandalizi

Kiongozi wetu alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mtembeaji wa muda mrefu aliyekwisha kuongoza safari nyingi za milima ya bara. Pamoja naye walikuwamo mume na mke, mwanafunzi mmoja wa kike, muuguzi mmoja, na watu watatu ambao maamuzi ya siku hiyo yaliwazunguka. Wa kwanza alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sitini, anayeheshimiwa sana katika jamii yetu, ambaye ndiye aliyelipia sehemu kubwa ya gharama za safari. Nitamwita Mzee, kama tumwitavyo sote. Wa pili alikuwa mpwa wake, mwenye miaka ishirini na kidogo, nitakayemwita Kijana. Wa tatu alikuwa mama mtu mzima aliyezaliwa katika familia ya wavuvi wa pwani ya kaskazini ya Kenya, mtu wa maneno machache, tunayemwita Bi Mkubwa.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Septemba. Kiongozi alikuwa amefanya maandalizi ambayo kwa kiasi kikubwa yalikuwa mazuri. Alibeba ramani ya karatasi na dira, turubai la dharura linaloweza kufunika watu watano, tochi za kichwani, filimbi, blanketi la karatasi ya fedha, bendeji na chupa mbili za chai ya tangawizi. Alisajili simu yake mapema katika huduma ya kutuma ujumbe mfupi kwa namba 999, ambayo nchini Uingereza haitumiki mpaka mtu ajisajili kwanza. Alimweleza dereva wa gari dogo aliyetupokea kisiwani kwamba tungerudi Rackwick saa kumi alasiri, na kwamba tukichelewa zaidi ya saa moja atoe taarifa.

Utabiri wa hali ya hewa ulisema upepo utatoka mashariki na kusini-mashariki kwa wastani wa kilomita 45 kwa saa, na dharuba, yaani mivumo ya ghafla, za hadi kilomita 70. Kiongozi aliyaandika mambo hayo katika daftari lake, nami nililiona. Wastani aliuandika kwa herufi kubwa na kuupigia mstari. Dharuba aliziandika pembeni kwa herufi ndogo. Tulipokuwa gatini Stromness alitueleza kwamba, kwa kuwa tunakwenda upande wa magharibi wa kisiwa na upepo unatoka mashariki, kilima kitatukinga. Maelezo hayo yaliniingia akilini, wala sikuyapinga.

Mfuatano wa matukio

Tulianza kutembea kutoka Rackwick saa nne na dakika arobaini na tano asubuhi. Ghubani kulikuwa na utulivu kiasi kwamba Mzee alifungua koti lake. Wale mume na mke walikuwa wakipiga picha za mawe makubwa ya mviringo yaliyojaa ufukweni, na kila mtu alisema tumebahatika.

Kiasi cha saa tano na nusu tulikuwa tumepanda hadi begani mwa Moor Fea, na hapo upepo ukatupata. Haukuja kama upepo wa ufukweni ambao mtu huuegemea na kuuzoea. Ulishuka kutoka kilimani kwa vipindi, kimya cha sekunde kadhaa, kisha kishindo kilichomfanya mtu apige hatua mbili za pembeni asizozikusudia, na hatua hizo zote zilikuwa za kuelekea kushoto, baharini. Bado tulikuwa mbali na ukingo, kwa hiyo hazikumtisha mtu. Mwanafunzi alicheka kila alipoyumba.

Tulisimama nyuma ya jiwe tunywe chai. Ni hapo Bi Mkubwa aliponyoosha mkono kuelekea baharini na kumwambia Kiongozi, kwa sauti ambayo mimi niliyekuwa karibu niliisikia kwa shida: "Mwanangu, itazame hiyo bahari. Hapa chini imelala kama maji ya kisima, na kule nje inachafuka. Huu ni upepo wa kutoa. Kwetu upepo huu ukivuma hivi chombo hakitoki."

Kiongozi alitazama. Ilikuwa kweli kwamba karibu na majabali bahari ilikuwa laini, na mbali, labda kilomita moja au zaidi, ilikuwa nyeupe kwa mapovu. Wengine wetu tuliona ule utulivu wa karibu tukautafsiri kuwa dalili njema. Kiongozi alifungua daftari, akalifunga, akasema labda tungeishia hapo. Mzee, aliyekuwa akimimina chai, akajibu bila ukali wowote: "Kijana wangu, tumesafiri siku mbili. Watu wametoa pesa zao. Tusogee tu tuione hiyo nguzo, halafu tugeuke." Kiongozi akasema, "Sawa, Mzee." Mazungumzo yote hayakuchukua dakika mbili.

Tulifika mkabala wa nguzo saa sita na dakika arobaini mchana. Kiongozi alituwekea mpaka: jiwe moja la kijivu, kiasi cha hatua thelathini kutoka ukingoni, asilivuke mtu. Wote tuliutii mpaka huo. Tulitazama, tulipiga picha, na kwa dakika chache hali ilitulia hata nikafikiri kwamba tulikuwa tumemwelewa vibaya Bi Mkubwa.

Dharuba iliyokuja ilitoka nyuma yetu. Niliona nyasi zote kati yetu na ukingo zikilala kwa pamoja, kama zimepigwa pasi, kisha kofia ya Mzee, kofia ya kushonwa kwa mkono aliyoletewa kutoka Zanzibar, ikamtoka kichwani. Ilipanda juu kidogo, ikashuka ikagusa nyasi, ikaanza kubingirika kuelekea baharini polepole, kwa mwendo ambao mtu angeweza kuukimbilia. Kijana akaikimbilia. Hakuna aliyemtuma. Alimwona mjomba wake kabaki kichwa wazi mbele ya watu, naye akaruka kama ambavyo kijana yeyote aliyelelewa vizuri angeruka. Kiongozi alipiga kelele, lakini sauti yake ilipotea katika kishindo cha upepo. Mimi nilikuwa na filimbi shingoni na sikuipuliza.

Kiasi cha hatua tano kabla ya ukingo mguu wake wa kulia uliingia katika tundu lililofichwa na nyasi, na akaanguka kifudifudi. Kofia iliendelea, ikafika ukingoni, ikatoweka. Kijana alibaki amelala pale, na upepo ukiendelea kuvuta koti lake kuelekea kule ilikokwenda kofia.

Maamuzi baada ya ajali

Kuanzia hapa Kiongozi alifanya kazi ambayo sitasita kuisifu. Alitupigia ishara sote tulale chini palepale tulipo. Alimpa ishara Kijana asisimame, kisha yeye mwenyewe akatambaa kwa tumbo hadi alipo, akiwa amefungwa kiunoni kwa kamba fupi ya mkoba ambayo mimi na yule mume tuliishika huku tumelala. Kamba hiyo haikuwa ya uokoaji, na kama uzito wa mtu ungeiangukia sijui ingekuwaje. Kiongozi alisema baadaye kwamba aliitumia ili asipoteze mwelekeo na ili sisi tulionyuma tuwe na la kufanya badala ya kumfuata. Walirudi wakitambaa wote wawili, Kijana akiuburuta mguu. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi na moja.

Tuliondoka ukingoni hadi kwenye tuta la mboji lenye kimo cha kiuno, kiasi cha hatua mia moja na hamsini ndani ya nchi kavu, tukakaa upande wake uliofichika na upepo. Muuguzi alikagua kifundo cha mguu, akaona kimevimba na Kijana hawezi kabisa kukikanyagia. Saa saba na dakika kumi Kiongozi alipiga simu 999. Kati ya simu tisa ni mbili tu zilizopata mtandao, nao ulikuwa hafifu. Aliomba walinzi wa pwani, kwa kuwa ajali za majabali ya bahari ni kazi yao, akawasomea namba za eneo kutoka kwenye ramani, idadi ya watu, aina ya jeraha, na mwelekeo wa upepo.

Kisha likaja swali gumu kuliko yote: tukae pamoja au tugawanyike? Wapo wanaofundisha kwamba kundi lisigawanywe kamwe. Kiongozi aliamua kuligawa, na alitupa sababu zake waziwazi. Turubai lilitosha watu watano. Watu wanne wangeweza kumtunza Kijana bila kukosa kitu, lakini tisa waliokaa bila kutembea kwenye baridi ile wangeongeza wagonjwa. Mimi nilikuwa na ramani ya pili na niliijua njia. Kwa hiyo Kiongozi, Muuguzi na Kijana walibaki, pamoja na Mzee aliyekataa kumwacha mpwa wake, na mimi niliwaongoza wanne waliosalia kurudi Rackwick. Tulitembea wawili wawili tukiwa tumeshikana mikono, mbali na njia ya kawaida, juu zaidi ubavuni mwa kilima, mahali ambapo ardhi ni mbaya kwa miguu lakini mtu akisukumwa anaangukia vichakani. Bi Mkubwa ndiye aliyechagua kila pahali pa kupita. Tulifika salama saa tisa kasoro dakika kumi.

Huku nyuma hatari ya pili ilikuwa inajijenga kimya. Mzee alikuwa amevua koti lake na kumfunika Kijana. Alibaki na sweta, kichwa wazi, katika hewa ya nyuzi 10 na upepo wa kiasi cha kilomita 60 kwa saa, hali ambayo ngozi ya binadamu huihisi kama nyuzi 5 hivi. Alitetemeka, kisha akaacha kutetemeka. Muuguzi alimpa kikombe cha chai, na akamwona anashindwa kukizungushia vidole. Alipomuuliza jina la mpwa wake, Mzee alichelewa kujibu. Muuguzi hakubishana tena na adabu: alimvalisha koti lake tena, akamfunga skafu yake mwenyewe kichwani, akamwingiza katikati ya turubai baina yake na Kiongozi, na kumlisha vipande vya halua kimoja kimoja. Mzee aliniambia baadaye kwamba hakujisikia baridi hata kidogo wakati huo, na kwamba jambo hilo ndilo linalomtisha kila akilikumbuka.

Matokeo

Waokoaji walifika kwa miguu saa tisa na robo, wakambeba Kijana kwa machela hadi Rackwick. Alivushwa jioni hiyo pamoja na Mzee na Muuguzi, na hospitalini Kirkwall ikaonekana kwamba mfupa mmoja wa kifundo cha mguu umevunjika mahali pamoja. Alipona bila kufanyiwa upasuaji. Mzee alipata joto lake la kawaida kabla ya kufika hospitali. Sisi sita tuliobaki tulikosa boti na kulala kisiwani.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa la kuusoma upepo. Tulijua kasi na mwelekeo wake, lakini hatukuuoanisha mwelekeo huo na jabali. Upepo unaotoka baharini hulipiga jabali usoni, hupanda, na aliye juu husukumwa kuingia ndani ya kisiwa. Unaweza kumwangusha, lakini unamwangusha mbali na pengo, ingawa hata huo hujipinda na kufanya vurugu palepale ukingoni, na si wa kuchezewa. Upepo unaotoka nchi kavu humsukuma mtu nje. Kilomita 45 kwa saa za upepo wa namna hii si sawa na kilomita 45 za upepo wa baharini, hata kama namba katika daftari ni ileile.

Zaidi ya hayo, kilima hakikingi kama ukuta wa nyumba unavyokinga. Bondeni Rackwick kilitukinga kweli, na ndiyo maana tulidanganyika. Lakini ubavuni, upepo uliovuka kilele hushuka kwa mafungu, ukiwa na vipindi vya kimya ndani yake, na kimya hicho ndicho kinachomfanya mtu alegeze magoti. Nguvu ya upepo nayo huongezeka kwa mraba wa kasi yake: upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo wake mwilini huwa mara nne. Tofauti kati ya wastani wa 45 na dharuba ya 70, inayoonekana ndogo kwenye karatasi, ni msukumo unaokaribia mara mbili na nusu. Anayetembea ukingoni anaangushwa na dharuba, kwa hiyo namba ya kupigiwa mstari ilikuwa ile iliyoandikwa pembeni.

Bahari ilikuwa imetuambia yote haya saa tano na nusu, kwa yeyote aliyejua kuisoma. Maji yaliyolala chini ya jabali yalikuwa laini kwa sababu upepo uliruka juu yake ukitokea nchi kavu, ukagusa maji mbali zaidi. Mabaharia wetu hutofautisha tangu utotoni upande wa goshi, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakokwenda. Sisi tulikuwa tumesimama goshini mwa shimo la zaidi ya mita mia moja. Bi Mkubwa hakuwa amewahi kutembea juu ya jabali la Uskoti maishani mwake, lakini alikuwa na elimu iliyohitajika, na alikuwa mtu pekee aliyekuwa nayo.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kosa ambalo kwangu ni zito kuliko la upepo. Kiongozi aliniambia usiku ule kwamba, pale nyuma ya jiwe, alilisikia kichwani mwake neno tulilolelewa nalo sote: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alimsikia mkuu, na guu likavunjika. Lakini wakuu pale walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwanamume, amelipia safari, na alisema kwa sauti ya kawaida mbele ya watu wote. Mwingine alikuwa mwanamke, alisema kwa upole ili asimwaibishe kiongozi kijana, na tuliosikia maneno yake tulikuwa wawili tu. Heshima tuliyoitoa ilimfikia aliyesikika. Simlaumu Mzee, ambaye alisema alichokijua na hakuwa amesikia neno la Bi Mkubwa hata kidogo. Ninailaumu nafasi tuliyokuwa nayo, mimi na Kiongozi, ya kusema kwa sauti moja tu: "Bi Mkubwa, hebu warudie wenzetu ulichotuambia." Sentensi hiyo isingemvunjia mtu heshima. Ingemwongezea Mzee heshima, kwa kuwa angeamua akiwa na habari kamili, na nina hakika, kwa jinsi ninavyomjua, angekuwa wa kwanza kugeuka.

Kauli ya "tusogee tu" nayo inastahili kutazamwa, maana ilitupa hisia kwamba tumeshaamua jambo dogo. Kugeuka kungetakiwa kuwe na masharti yaliyotajwa kabla hatujaondoka gatini, watu wakiwa wameshiba, hawajachoka, na hawajaiona nguzo kwa mbali. Kusema begani mwa kilima kwamba turudi ni kumnyima mtu kitu alichokwisha kukishika nusu. Boti ilizidisha shinikizo hilo: kila aliyekuwa pale alijua kwamba hakuna boti nyingine ya kutuleta kesho, kwa kuwa kesho tulikuwa tunarudi mjini.

Ule mpaka wa hatua thelathini ulikuwa wazo jema lililokosa nusu yake. Ulimzuia kila mtu aliyekuwa akifikiri. Haukumzuia aliyetenda bila kufikiri, na vitu vinavyopeperuka humfanya mtu atende bila kufikiri. Ilitakiwa kofia, skafu na mitandio ifungwe au iwekwe mkobani kabla ya kuvuka bega la kilima, na neno lisemwe wazi kwamba chochote kitakachoruka kimekwenda. Filimbi nayo ilikuwa shingoni mwangu. Sauti kali ya filimbi husikika pale ambapo sauti ya mtu hupotea, na ningeipuliza huenda Kijana angesita hatua mbili mapema. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na kila mara naona kwamba sikuwa nimewahi kuifanyia mazoezi, wala hatukuwa tumekubaliana mlio mmoja una maana gani.

Yaliyokwenda vizuri yalikwenda vizuri kwa sababu yalikuwa yameandaliwa kabla. Turubai la dharura, kitu cha bei ndogo ambacho vikundi vingi hukiona mzigo, ndilo lililozuia Mzee asiwe mgonjwa mahututi. Namba za eneo zilisomwa kutoka kwenye ramani ya karatasi huku simu ikihifadhiwa kwa ajili ya mazungumzo. Dereva alikuwa na saa yetu, na tulimkuta Rackwick akitusubiri huku akiwa ameshawaeleza waokoaji hali ya njia. Uamuzi wa kugawanyika ulikuwa sahihi kwa sababu kila sehemu ilikuwa na mtu anayejua njia, ramani, tochi na chakula. Bila hivyo vinne ungekuwa kosa.

Muuguzi anasema, nami nakubaliana naye, kwamba kasoro moja ilibaki hata katika sehemu hii njema. Macho yote yalikuwa kwa aliyeumia, na hakuna aliyepewa kazi ya kuwatazama wazima. Yeye mwenyewe aliigundua hali ya Mzee kwa bahati, kwa ajili ya kikombe cha chai.

Kilichobadilika baada ya hapo

Tangu safari ile, kikundi chetu kinasoma utabiri gatini kwa sauti, mbele ya wote, na dharuba husomwa kabla ya wastani. Kiongozi anachora kwa kidole kwenye ramani mahali jabali lilipo na upande upepo unakotoka, na mshale ukielekea baharini hatuendi ukingoni siku hiyo; tunabaki bondeni au ufukweni. Kisha kila mtu, kuanzia mdogo kuliko wote hadi mkubwa, anaulizwa anaona nini. Tulichagua mpangilio huo wa kuanza na wadogo kwa sababu mkubwa akishasema, wadogo hawawezi tena kusema kinyume chake bila kuonekana wakaidi.

Tulirudi Hoy mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, sote tisa. Upepo ulikuwa wa magharibi, dharuba za kilomita 30. Mzee alifika akiwa na kofia mpya, na tulipokaribia bega la Moor Fea aliivua bila kuambiwa, akaikunja, akampa Bi Mkubwa aitie mkobani.